MSIMCHEKE MNENE, MUULIZENI PANYA

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Nimeshika kalamu kuwasuta wenzetu ambao kazi yao ni kuwabandika wengine majina ya kebehi kwa sababu ya miili yao. Mnene akisimama kwenye foleni ya chakula utasikia, "Jamani, huyo atamaliza sufuria!" Eti unene ni ulafi tu, basi. Mimi napinga, na shahidi wangu ni panya. Naam, panya yuyu huyu tunayemtegea mtego bwenini!

Mnamo mwaka wa 1949, katika maabara ya Jackson kule Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wadogo walionenepa kupita kiasi. Walikula bila kushiba, tena walikuwa tasa. Chanzo hakikujulikana hadi mwaka wa 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoipata jeni yenye hitilafu. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza homoni iitwayo leptini. Leptini hutoka kwenye mafuta ya mwili, husafiri kwa damu na kuuambia ubongo, "Akiba ipo, punguza kula." Panya wale hawakuwa nayo. Walipodungwa sindano ya leptini mwaka wa 1995, walipunguza kula wakakonda. Haya niambieni, tangu lini ulafi ukatibiwa kwa sindano?

Lakini barua bila msomaji haina faida. Kuna panya wengine walio na leptini tele, ila vipokezi vyake vina kasoro, nao pia hunenepa vivyo hivyo. Vipokezi hivyo havimo ubongoni pekee. Vimo pia katika tezi ya pituitari, inayoning'inia chini ya ubongo. Kwetu binadamu tezi hii ni kama punje ya minji, na kwa panya ni ndogo zaidi, lakini ndiyo mnyapara wa tezi nyingi mwilini. Hutoa homoni ya ukuaji na zile zinazoamrisha viungo vya uzazi. Watafiti walipoviondoa vipokezi vya leptini kwenye zile seli za pituitari zinazotengeneza homoni ya ukuaji, homoni hiyo ilipungua, na panya walipokomaa wakanenepa. Kitu kidogo namna hiyo, bwana, kimebadilisha mwili mzima!

Nanyi dada zangu mnaomwaga githeri ili mpate kiuno cha nyigu, sikizeni. Mwaka wa 1996 watafiti waliwashindisha panya na njaa. Leptini ilishuka, na majike wakachelewa kupevusha mayai. Waliopewa leptini hawakuchelewa. Yaani mwili ukikosa akiba, husimamisha kwanza mambo ya uzazi. Msichana anayejinyima chakula mpaka hedhi ikakatika asijione mrembo. Mwili wake unalia njaa.

Najua mjanja mmoja atauliza, "Kwa hivyo nile chapati kumi kisha nisingizie homoni?" La hasha! Watu wengi wanene wana leptini ya kutosha, hata ya kupita kiasi, ila ubongo hauitii ipasavyo. Ndiyo maana sindano ile haiwafai wengi, ingawa imewafaa wale wachache waliozaliwa bila leptini. Kula kwa kiasi na kukimbia uwanjani bado ni muhimu kwetu sote. Ninachokataa ni kumhukumu mtu kwa kumtazama tu.

Mwenzetu akiitwa jina baya kila siku, huacha kuja mezani, huacha michezo, mwisho huacha hata kuinua mkono darasani. Hayo hayatibiki kwa leptini. Kwa hivyo naiomba kila meza ya bwalo ikomeshe majina hayo muhula huu. Anayetaka kujua kwa nini mwenzake ni mnene au mwembamba, na afungue kitabu cha bayolojia kabla ya kufungua mdomo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu