Tusiifute Kanuni ya Tano

Nina neno juu ya ubishi uliotugawa sisi wachezaji wa chumba cha kompyuta.

Wasomaji wengi wajua kwamba kila Jumamosi alasiri sisi wanane wa Kidato cha Nne twacheza Out of the Park Baseball, mchezo wa kuongoza timu za besiboli za Marekani. Humo hatupigi mpira. Kazi yetu ni ya umeneja: kuajiri, kupanga na kuachisha. Kila ifikapo Desemba ya mchezo huja siku ya Kanuni ya Tano, kama ilivyo katika ligi kuu ya Marekani yenyewe. Kila timu hukinga wachezaji 40 tu. Kijana aliyekaa katika timu za chini miaka minne au mitano, kwa kadiri ya umri aliosajiliwa nao, asipoandikwa katika orodha hiyo, timu nyingine yaweza kumchukua kwa dola 100,000. Timu dhaifu huchagua mapema. Lakini mchukuaji sharti amweke katika kikosi chake cha watu 26 msimu mzima. Akishindwa, timu ya kwanza yaweza kumrudisha kwa nusu ya bei.

Sasa wenzangu watano wataka kanuni hii izimwe, maana mchezo waruhusu. Wasema ni wizi wa mchana: mmoja alee, mwingine avune. Wasema tena, akiba haiozi.

Nakiri kwamba mimi nami nilikuwa upande wao. Muhula uliopita niliwakinga wazee watatu wa zaidi ya miaka 35 kwa ajili ya sifa zao za zamani, nikamwacha nje mrushaji wa miaka 23. Jirani yangu wa bweni, ambaye timu yake ilishika mkia, akamchukua. Nilikasirika hata nisile naye meza moja siku mbili. Nilipotulia nikatazama kumbukumbu: kijana yule alikuwa kwangu miaka mitano, wala sikumpa nafasi hata siku moja. Je, niliibiwa nini?

Akiba ya mahindi haiozi ikitunzwa. Akiba ya mtu huoza, kwa kuwa mkono wake wazeeka hali anangoja.

Tutazame wachezaji wa kweli. Mwaka 1954 Brooklyn Dodgers walimwacha Roberto Clemente bila kinga katika timu yao ya Montreal. Pittsburgh Pirates wakamchukua kwa dola 4,000. Hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa amepiga mipira salama 3,000. Mwaka 1999 Johan Santana alichukuliwa kutoka Houston Astros, akaishia Minnesota Twins. Msimu wa kwanza alipigwa sana. Lakini mwaka 2004 na 2006 alitunukiwa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora.

Ni kweli, si wote wawao kama hao. Wengine hukaa benchi mwaka mzima, wakakosa mazoezi ambayo wangeyapata timu za chini. Hilo silikatai. Lakini mchukuaji naye hulipa, kwani atoa nafasi moja katika 26. Jirani yangu alishindwa michezo kadha kwa sababu ya kijana yule, wala hakumrudisha. Mimi nisingalivumilia hivyo.

Jumamosi ijayo twapiga kura. Nitaitetea kanuni, ingawa mwaka huu nina mdakaji mzuri asiyepata nafasi katika orodha yangu. Ndugu zangu, aogopaye kunyang'anywa kijana wake na amkinge. Na asiyetaka kumkinga, amwache aende akacheze.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne