Kamera Nayo Ina Mwenyewe

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba filamu za kuonyesha mila za watu ni ushahidi bora kuliko maandishi, kwa kuwa kalamu yaweza kupotosha ilhali kamera hunakili tu yaliyo mbele yake, ameitaja Nanook of the North, filamu ya Robert Flaherty iliyotolewa mwaka wa 1922, kuwa ndiyo burhani yake. Nami nitamjibu kwa filamu hiyo hiyo.

Mwinuiti wa kaskazini ya Quebec anayeonyeshwa katika filamu hiyo kwa jina la Nanook hakuitwa hivyo, bali Allakariallak. Wanawake walioonyeshwa kuwa ni ahali yake hawakuwa wake zake. Na nyumba ya theluji ambamo tunawaona wakilala na kuamka ilijengwa nusu tu, upande mmoja ukaachwa wazi ili nuru ipate kuingia, nao, maskini, wakavua nguo katika baridi ile kana kwamba wamo ndani ya joto la nyumbani. Bunduki walikwisha kuzizoea, lakini mbele ya kamera waliwinda kwa chusa, maana Flaherty alitaka zama zilizopita. Hapo kamera imenakili nini, kama si matakwa ya aliyeishika?

Sisemi kwamba filamu ile haina thamani, hasha. Wainuiti wenyewe walishiriki kuitengeneza, na stadi zao ni za kweli. Lakini shahidi huulizwa maswali kabla ya kauli yake kukubaliwa, na mwandishi wetu hakuuliza hata moja. Namsihi aitazame tena.