Dakika za ndege, saa za mkulima

Wanamemba wenzetu wa koperative, kati ya uwanja wa ndege wa Goma na ule wa Kavumu, ukipima angani, ni kama kilomita 85. Ndege ikiruka, nusu saa haimaliziki. Lakini kwa barabara, kutoka Goma mpaka Bukavu kupitia Sake, Minova na Kalehe, ni kama kilomita 200, na siku ya mvua hakuna dereva atakayekuambia saa ya kufika.

Sisi wa Kalehe tuko katikati ya viwanja hivyo viwili. Ndege zilikuwa zikipita juu ya mihogo yetu, lakini hakuna hata kitunga kimoja cha nyanya yetu kilichopanda ndani. Njo maana tunasema: tuhesabu mwendo kwa saa ya mkulima, si kwa saa ya rubani.

Msimu wa mvua uliopita tulivuna nyanya siku ya Jumatatu, tuipeleke soko la Goma. Kutoka shambani mpaka kando ya ziwa ni kilomita 9 tu. Kumbe daraja la miti lilikuwa limebebwa na maji. Wamama wakabeba mgongoni, wakarudi, wakabeba tena. Tulifika ziwani jioni, boti imeishaondoka. Tukalala palepale. Kesho yake boti ilitufikisha vizuri, lakini vitunga vya chini vilikuwa vimeanza kutoa maji. Mnunuzi akakata bei, na hatukuwa na la kumjibu. Ziwa halikutuchelewesha. Ni zile kilomita 9 za kwanza zilizokula siku nzima.

Wengine watasema uwanja wa ndege ni maendeleo. Ni kweli, hatukatai. Dawa, chanjo na wagonjwa vinahitaji ndege. Mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya uwanja wa Goma, kila mtu aliona hasara yake, na baadaye Benki ya Dunia ikatoa pesa ya kuutengeneza. Tunaomba macho kama yale yaangalie pia daraja letu la miti. Na hata mzigo wa ndege, ukishuka Kavumu, bado unabaki na kilomita kama 30 za barabara kufika Bukavu mjini. Ndege nayo inategemea barabara.

Lakini tusikae kungojea misaada tu. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila koperative iwe na daftari la mwendo: saa ya kutoka shambani, saa ya kufika sokoni, vitunga vingapi vimeoza njiani na franga ngapi zimepotea.

Pili, mwezi wa nane, mvua ikiwa haijarudi, tufanye salongo: tufungue mifereji na kujaza mashimo.

Tatu, wenye miradi wakija kutuuliza tunataka nini, tusikimbilie kuomba depo kando ya barabara kubwa. Tuombe kwanza njia ya kutoka shambani, na madaraja yake. Depo isiyo na njia inabaki tupu.

Daftari hizo tuzilete kwenye mkutano mkuu ujao. Wakubwa wakituuliza kutoka kwetu mpaka Goma ni mbali gani, tusiwajibu kwa kilomita. Tuwasomee masaa, na hasara yake.