Pikapu Kuukuu Isile Karo ya Watoto

Mpenzi msomaji, je, una pikapu kuukuu nyumbani? Basi wajua kwamba mnapopanga matumizi ya mwezi, gari hilo huketi nanyi mezani kama mtoto mmoja zaidi.

Mjomba wangu wa Wundanyi ana Peugeot 504, wa ukoo ule ulioshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Huteremsha kabichi na nyanya hadi Voi siku za soko. Muhula mmoja, gari likaanza kukataa kuwaka kila siku ya soko.

Fundi mmoja akalitazama, akatikisa kichwa. "Mzee, altaneta imekufa." Mjomba akanunua altaneta. Siku ya soko, kimya. Akaambiwa ni betri. Akanunua betri. Kimya tena. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mkaza mjomba hakumsemesha mumewe juma zima.

Mwishowe akaja mzee jirani, fundi wa umeme aliyestaafu. Alizima kila kitu, akafungua waya wa hasi wa betri, akaweka balbu ndogo kati ya waya huo na betri. Balbu ikawaka! Yaani umeme ulikuwa ukivuja ilhali gari limelala. Akachomoa fyuzi moja moja hadi balbu ikazima. Kumbe ni taa ambayo mjomba mwenyewe aliifunga nyuma kumulika mizigo. Swichi ilikwama, na turubai likaficha mwanga. Taa ya wati 21 hula ampia 1.75. Kwa saa 48 hizo ni ampia-saa 84, na betri nyingi za magari kama hilo hubeba 60 hivi.

Basi, msomaji, kabla hujafungua mkoba, angalia haya:

Stata ikilia ta-ta-ta na taa zikififia, anza na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, ukaushe, ukaze. Kagua pia waya unaofungwa kwenye bodi.

Altaneta hupimwa kwa mita. Injini ikinguruma, betri isome volti 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12, tazama kwanza kama mkanda umelegea.

Moshi nao husema. Mweusi ni petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia silinda. Na oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiendelee na safari.

Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi hupita 1,300. Ukipanda kutoka Mwatate, jicho lisitoke kwenye geji ya joto, na usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto. Utaungua uso. Na barabara ya Taveta hukata Tsavo. Kukwama huko usiku si mzaha, ndovu hawana haraka.

Zaidi ya yote, fundi akikuambia kitu kimekufa, mwambie kwa heshima, "Fundi, nionyeshe." Fundi wa kweli hakasiriki.

Altaneta ya kwanza ilipopimwa ilikuwa nzima kabisa. Ingali chini ya kitanda cha mjomba, na mkaza mjomba hufagia akiizunguka kila asubuhi.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.