Egwene alistahili kuliliwa zaidi

Ndugu mwandishi, umeisifu A Memory of Light, kitabu cha mwisho cha mfululizo wa The Wheel of Time, nami sikupingi. Robert Jordan alifariki 2007 kabla hajaumaliza. Mjane wake, Harriet McDougal, akamkabidhi kazi Brandon Sanderson, na kitabu cha 14 kikatoka 2013. Kuhitimisha hadithi ya mwenzako iliyoanza 1990 si mchezo. Shujaa Lan kuuacha upanga wa adui yake Demandred umchome ili naye apate kumfikia, ukurasa ule niliurudia mara kadhaa! Lakini Egwene, binti wa mwenye nyumba ya wageni aliyepanda hadi kiti cha uongozi cha Amyrlin, anatoa uhai wake kumwangamiza adui Taim, kisha vita vinasonga mbele mbio na wenzake hawapewi nafasi ya kutosha kumlilia. Hapo Sanderson aliharakisha.