Mechi ya Ugenini Kaitaba

Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, lawama ziliwaangukia makocha na wachezaji. Mimi naona kidonda hiki ni cha siku nyingi. Simba au Yanga wakija Kaitaba, uwanja wa nyumbani wa timu hii mjini Bukoba, watu hufurika, ila hufurika nyekundu, au njano na kijani. Wengi wa vijana wanaopanda Hiace Muleba kuja Bukoba wanakuja kuwashangilia wageni. Shabiki wa kweli wa timu ya mkoa huumia mara mbili: kwa bao lenyewe, kisha kwa shangwe za jirani aliyeketi naye.

Wapo watakaosema hupendwa anayeshinda. Mbona Mei 2018 timu hii iliifunga Simba 1-0 jijini Dar es Salaam, siku Simba ilipokabidhiwa kombe la ligi mbele ya Rais Magufuli, na mapenzi hayakuhama? Tatizo liko kwingine: timu ni ya kiwanda cha sukari kilichoko wilayani Missenyi. Bila kiwanda isingekuwepo, hilo halina ubishi, lakini kulipa mishahara ni jambo moja na kuwa na wenyewe ni jingine. Kadi za uanachama ziuzwe hadi Kamachumu, na mwenye kadi apige kura. Championship, ligi ya chini timu ilikoshukia, ni pazuri pa kuanzia, maana huko Simba na Yanga hawapo.