Sahani ya Futari Haitoshi: Ndugu Zetu wa Mitaani Wana Haki



Mombasa haikosi wakarimu. Ramadhani ikiingia, kuanzia Mwembe Tayari hadi Marikiti utaona sufuria za pilau, tende na maji zikigawiwa wanaolala nje. Allah awalipe kheri wote wanaotoa. Lakini Idi ikipita sufuria zinarudi nyumbani, na wale watu wanabaki palepale, juu ya maboksi yaleyale.

Sensa ya serikali ya familia za mitaani mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Mombasa peke yake walikuwa 7,529, ya pili baada ya Nairobi. Tunawaita machokoraa, ilhali wamo akina mama walioachwa na watoto, wazee walioshindwa na kodi, na vijana waliotekwa na unga. Wengine walisoma chuo kimoja na sisi.

Sisi tunaozunguka usiku kuwatembelea tunajua kuwa njaa ndiyo shida nyepesi. Nzito ni karatasi. Bila kitambulisho hujisajili SHA, hupati laini ya simu kwa jina lako, na kazi ya maana huajiriwi. Kikipotea, unaambiwa uende polisi uchukue abstrakti. Sasa nani atakwenda kituoni kwa hiari yake, na jana usiku ni askari waliomfurusha barazani? Kijana ambaye hajawahi kuwa nacho anaulizwa cha mzazi na barua ya chifu. Mzazi hamjui alipo. Chifu naye anauliza, unakaa nyumba gani? Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki tunaijua vizuri ladha ya kuulizwa babu yako alizaliwa wapi. Wa mitaani anaionja mara mbili.

Kwa hivyo kazi hii inataka subira. Umjue mtu kwa jina, urudi siku uliyoahidi, umsindikize hospitali, usimame naye kwenye foleni. Mara nyingi utakwenda safari tatu nne kabla hajakwambia jina lake la kweli.

Halafu kuna misako. Mji ukitaka kupendeza, watu wanapakiwa kwenye lori usiku kama takataka. Jamani, Sheria ya Uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997. Kukosa nyumba si kosa la jinai. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao, chakula na matibabu. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, na afikishwe kortini ndani ya saa 24 au siku ya korti inayofuata. Katiba haikuandika "kila mtu mwenye nyumba".

Kamati za misikiti, hili ni letu pia. Aya ya 60 ya Surat Tawba inapotaja wanaostahiki zaka, inaanza na mafukara na maskini. Na Ahlu Suffa, masahaba wasiokuwa na makao, walihifadhiwa kwenye msikiti wa Mtume (SAW) Madina. Abu Huraira (RA) alikuwa mmoja wao. Sisi leo tunafunga geti baada ya Isha na kumfukuza aliyelala kibarazani.

Hatusemi kila msikiti uwe bweni. Tunaomba mambo matatu. Sehemu ya zaka ilipie nauli na ada za vyeti. Kila msikiti uteue mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, wa kuwafuatilia walio karibu nao mwaka mzima. Imamu akubali kwenda kwa chifu kumtolea ushahidi anayemjua.

Na wewe unayesoma, ukiona mtu anapakiwa, uliza anapelekwa kituo gani. Asubuhi nenda uulize kama jina lake limeandikwa kwenye OB. Anayejulikana kuwa ana watu wa kumuulizia hapotei ovyo.

Allah atujaalie tuwe wa kumuulizia jirani, hata yule asiye na mlango wa kubishiwa hodi. Amin.